Askari wa Risasi, Udongo wa Tanga

Mke wangu ameacha kushangaa akinikuta uani nachekecha mchanga. Siku hizi swali lake ni moja tu: chekecheke nililoshika ni langu, au ni lake la unga? Mara mbili lilikuwa lake. Baada ya hapo alininunulia la kwangu, la plastiki nyekundu, akalipigilia msumari wake nyuma ya mlango wa jikoni. Tangu siku hiyo shughuli yangu ikahesabika humu ndani kuwa kazi kama kazi nyingine.

Kazi yenyewe ni kupaka rangi askari. Ni askari wa madini, kila mmoja ana urefu wa milimita 28 kutoka unyayoni hadi machoni. Ndivyo wenye fani wanavyopima wengi wao: hadi machoni, si hadi utosini, kwa kuwa kofia hudanganya. Jeshi langu ni dogo. Lina askari 24 wa kampuni moja ya Wadachi, maofisa watatu wa Kizungu, na bombomu moja, ile bunduki ya rashasha, na watu wake watatu. Jumla yao 30, na wote wanaenea ndani ya sanduku la viatu. Hupangwa mezani wakapigana na jeshi jingine la kimo hicho hicho, kwa futi ya kupimia, dadu na kitabu cha sheria. Adui yangu ni kijana mmoja wa Chumbageni, fundi wa kompyuta, mwenye Waingereza na Wahindi 40. Jumamosi moja moja tunagombea Tanga ya Novemba 1914 juu ya meza ya kulia chakula, hadi tutakapoambiwa tuondoe vita vyetu sahani zipite.

Mchezo nitausifu siku nyingine. Unakwisha kwa saa tatu, na mara nyingi nashindwa. Jeshi hili lilinichukua miezi saba, na hiyo miezi saba ndiyo iliyonikalisha leo kuandika.

Ufundi huu niliusomea Nottingham, ingawa nilipelekwa kule kusomea kitu kingine. Mji ule na viunga vyake umejaa karakana za vinyago vya vita, kubwa na ndogo, hata wachezaji wakalipa eneo hilo jina la utani: Ukanda wa Risasi. Nilipolisikia nilicheka peke yangu, wenzangu wakanitazama. Kwa Kiingereza risasi ya kuyeyusha na risasi ya kuua ni maneno mawili yasiyojuana. Kwetu ni neno moja. Ukisema askari wa risasi umeshamtaja na kilichomuua. Siku hizi vingi vya vinyago hivi havina risasi ndani, ni bati lililochanganywa na madini mengine, maana risasi ni sumu kwa anayeishika kila siku. Mimi jina la zamani bado nalipenda.

Mchezo una ukoo. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye Reisswitz alikamilisha mchezo wa ramani ambao baba yake aliuanzisha, na wakubwa wa jeshi wakaupendekeza kwa maofisa wao. Hapo hapakuwa na rangi ya kusifia. Ni vipande tu, vyekundu kwa bluu. Aliyeuingiza sebuleni kwa watu ni H. G. Wells, mwandishi wa riwaya, aliyechapisha mwaka 1913 kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, cha kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea na vizinga vya springi vinavyorusha vijiti. Humo aliwashauri wafalme na majenerali wacheze vita vyake, waache vile vya kweli. Hawakumsikia. Mwaka uliofuata vita vya kweli viliteremka kutoka melini hapa Ras Kasone.

Kinyago kikitoka kwenye bahasha hakipendezi. Kimetoka kwenye kalibu ya mpira iliyozungushwa kwa kasi ili madini yaliyoyeyuka yasukumwe hadi kwenye ncha za vidole na mtutu wa bunduki, na pale nusu mbili za kalibu zilipokutana pamebaki mshono. Unapita begani, unashuka ubavuni, wakati mwingine unapasua uso katikati. Kazi ya kwanza ni ya tupa ndogo na msasa. Anayeona uvivu kuutoa anajidanganya kwamba rangi itauficha, kumbe rangi ndiyo itakayoutangaza. Kisha ni kumwosha kwa sabuni na mswaki mkuukuu, kwa kuwa kalibu hupakwa unga ili kinyago kichomoke, na unga huo huikataza rangi isishike. Nikiwa na beseni langu pale karoni, wapita njia hudhani naosha dagaa.

Andakoti ikishakauka, jeshi zima huingia kwenye kaki.

Neno hili tumelizoea kwenye bahasha na kaptura za shule mpaka tumesahau lilikotoka. Ni la Kiajemi, likapitia India, na maana yake ni vumbi. Huko India, katikati ya karne ya 19, ndiko vikosi vya Waingereza vilikoanza kuvaa nguo za rangi ya vumbi ili vumbi liwafiche. Wadachi nao wakawavisha askari wao huku kwetu. Sasa tazama mtego aliotegewa mpaka rangi. Mtu amevaa rangi ya ardhi na amesimama juu ya ardhi. Jeshi lilimtaka apotee, mimi namtaka aonekane toka upande wa pili wa meza.

Nilihangaika na kaki kwa wiki tatu. Nilianza kwa kuifanya moja, safi, sawasawa kwa wote, nikapata watu 30 waliomwagiwa uji. Ndipo nikakumbuka kaptura zangu mwenyewe za shule ya msingi. Kaki haifuliwi mara tano ikabaki ile ile. Ya mabegani huchujuka kwa jua, ya kwapani hukolea kwa jasho, ya magotini hugeuka nyeupe. Na darasa zima lilikuwa na kaki arobaini, kila mama na sabuni yake. Basi nikachanganya nne: moja ya kijani kidogo, moja ya manjano, moja iliyoelekea majivu, na moja mpya kabisa niliyompa askari mmoja tu, ambaye nadhani ndiyo kwanza ameandikishwa. Juu yake nikapitisha maji ya rangi ya kahawia, mepesi kama chai ya mkandaa, yakatiririka yenyewe hadi kwenye mikunjo na kutulia humo. Yakikauka, kivuli kimejichora. Halafu unarudi na kaki iliyotiwa nyeupe kidogo na kugusa tu pale jua lingegusa: bega, kiwiko, ukingo wa mfuko.

Kilichonisaidia zaidi ni miguu. Askari wale walijizungushia vitambaa kutoka kifundoni hadi chini ya goti, na vingi vilikuwa vya bluu iliyoiva. Ule mstari wa bluu kati ya vumbi la nguo na vumbi la chini ndio unaomtenga mtu na ardhi yake. Na juu, kwenye tarbushi lililofunikwa kaki, kuna tai wa madini, nukta moja ya fedha isiyozidi punje ya ufuta. Jicho likishaiona hiyo linamtafuta mwenyewe chini yake.

Nina ushauri mmoja kuhusu brashi, na sitakuwa na mwingine. Wanaoanza hununua ile nyembamba kuliko zote, yenye unywele kama wa kope, wakidhani kitu kidogo kinataka brashi ndogo. Brashi nyembamba haina tumbo. Rangi huikaukia njiani, hasa kwa joto letu, kabla haijafika kwenye uso wa askari. Chukua namba 1 ya manyoya mazuri, yale yatokanayo na mkia wa mnyama wa jamii ya kicheche aishiye Siberia. Ina tumbo la kubebea na ncha ya kuandikia. Ncha ndiyo kazi. Na rangi izimuliwe kwa maji, upige mikono miwili myepesi badala ya mmoja mzito, kama fundi yeyote wa nyumba atakavyokuambia.

Kwenye ngozi nilikwama kwa namna nyingine.

Rangi za fani hii huuzwa kwenye vichupa vidogo vyenye majina. Nilipoanza, kichupa kilichoandikwa ngozi kilikuwa cha waridi. Hakikuandikwa ngozi ya nani. Kiliandikwa ngozi tu. Na katika orodha za wauza vinyago, safu za Afrika ya zamani zilikaa, na bado zinakaa, chini ya jina lililotoka kwenye kitabu cha Henry Morton Stanley cha mwaka 1890, lile la Afrika ya giza kuu. Sikuwa na hamu ya kugombana na orodha. Lakini maelekezo ya kupaka Waafrika niliyoyakuta wakati ule yalikuwa na giza lile lile: paka kahawia iliyokolea, gusa kwa kahawia isiyokolea, basi. Watu 24 wakitoka hapo wote ni ndugu wa tumbo moja, na wote wamekufa.

Askari wa Wadachi hawakuwa ndugu. Walikuwamo Wasudani waliokuja tangu enzi za ofisa wao Wissmann, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine. Ukikaa nusu saa stendi ya mabasi unapata weusi kumi. Nami Kiswahili kikaniokoa, kwa sababu sisi rangi hatukuzitoa kwenye vichupa. Tulizitoa kwenye vitu. Kahawia ni kahawa, kijivu ni majivu, manjano ni bizari, na ile nyekundu nzito tunaiita damu ya mzee. Ngozi ya mtu tunaiita maji ya kunde, na anayejua jikoni anajua kwamba maji ya kunde si rangi moja: yakichemka kidogo yana wekundu, yakichemka sana yana uzambarau. Nikaweka msingi wa kahawia wenye tone la damu ya mzee. Kwenye vivuli, chini ya taya na kando ya pua, nikatia bluu, kwa sababu ngozi nyeusi tii kivulini huwa na bluu, nenda kaitazame. Na pale panapong'aa, kwenye paji na mfupa wa shavu, usithubutu kutia nyeupe. Nyeupe juu ya ngozi nyeusi huleta mtu aliyepauka, aliyekosa mafuta. Tia rangi ya chungwa iliyochanganyika na udongo, kidogo, na uso unaamka.

Wa kwanza alipoamka nilimwita mke wangu aje amwone. Akavaa miwani, akamgeuza kwenye mwanga, akasema anafanana na muuza samaki wa Deep Sea. Na ni kweli anafanana naye.

Macho nayo ni mjadala. Kijana wa Chumbageni hapaki macho. Alinikuta siku moja nimeshika pumzi, brashi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, usitikise meza."

Akakaa. Akangoja mpaka nikavuta pumzi. "Mzee, kwa heshima zote, mezani hawa watu wako mita moja kutoka usoni kwangu. Hayo macho nani atayaona?"

Ana hoja. Wahindi wake kawapaka kwa wiki mbili, kwa brashi kavu aliyoifuta rangi karibu yote kwenye kitambaa kisha akaisugua juu ya mikunjo, na ukiwapanga wamesimama vizuri kuliko wangu. Jicho kwenye kimo hiki ni mstari mweupe usiozidi nusu milimita, na ndani yake nukta. Nukta ikienda kushoto kidogo, askari anakodoa. Ikipanda, ameona jini. Mimi huanza na jicho kabla ya uso, nikikosea nafunika makosa kwa ngozi. Katika askari 24, macho 48, nimeridhika na kama thelathini hivi. Sikumjibu kijana kwa hoja. Nilimwambia tu kwamba ninapompaka mtu nipo naye karibu kuliko mita moja.

Sasa nifike kwenye kitako, ambacho watu hukifanya mwisho, kwa haraka, usiku wa kuamkia mchezo, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Kila askari hubandikwa juu ya kipande cha duara ili asianguke. Nottingham nilikuwa natumia sarafu za peni mbili, za upana wa karibu milimita 26, na wengi kule hufanya hivyo. Ni rahisi kuliko kununua vitako, na sura ya Malkia huishia chini ya mchanga. Hapa natumia washa za chuma kutoka duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Ni nzito, na uzito huo unampa askari msimamo. Ukimsukuma kwa kidole hujiweka sawa. Tundu la katikati naliziba kwa karatasi. Halafu gundi nyeupe ya maseremala, kisha changarawe tatu nne, kisha mchanga uliochekechwa.

Hapo ndipo somo lilipo. Mchanga wangu nauchota Ras Kasone, karibu kabisa na walipoteremka askari wa Jenerali Aitken wa Waingereza. Nilidhani kazi imekwisha: udongo wa Tanga chini ya mapigano ya Tanga, ukweli gani zaidi? Nikautazama ulipokauka. Ulikuwa kifusi. Punje ambayo kwangu ni mchanga, kwa mtu wa milimita 28 ni jabali la kichwa. Unang'aa pasipostahili, hauna kina, haumshiki mtu miguu. Udongo wa kweli haufanani na udongo. Ikabidi nifanye jambo lililomchekesha mke wangu hadi akakaa chini: nikaupaka udongo rangi ya udongo. Mkono wa kwanza kahawia nzito, maji ya rangi nyeusi yashuke kati ya punje, kisha brashi kavu yenye wekundu wa ardhi ya bara, kisha kavu zaidi yenye rangi ya mfupa. Ndipo ukawa Tanga.

Wekundu huo niliuchagua kwa hila. Kaki ina umanjano na ukijani, basi ardhi ikielekea wekundu zaidi kuliko ilivyo kweli, mtu anajitenga nayo. Jiolojia itanisamehe.

Juu ya udongo huja mimea, na hapa sijawahi kununua kitu. Wenzetu Ulaya hununua majani ya plastiki kwa pakiti. Mimi nina mkonge. Nyuzi zake, zikikatwa milimita sita na kuchomekwa kwenye tone la gundi, zinasimama kama nyasi za kiangazi, kavu, ngumu, za rangi ile ile hasa. Wala hazikosei mwaka: mkonge uliletwa koloni hii mwaka 1893 na Mdachi, Richard Hindorf, aliyeagiza miche elfu moja na ikanusurika 62, na hizo 62 zikazaa mashamba yote. Kufika 1914 palikuwa na mkonge wa kutosha kumchoma askari mguu. Majani ya chai yaliyokwisha pikwa nayaanika na kuyamwaga chini ya miti. Ni majani makavu bila kuyagusa brashi. Kipande cha kumbi ya nazi ni kisiki. Tumbawe lililosagwa ni ukuta ulioanguka.

Minazi ilinishinda kidogo. Kwa kimo hiki, ambacho ni kama moja kwa sitini, mnazi wa mita 20 unatakiwa uwe na sentimita 33, na shamba la minazi sita ya namna hiyo hugeuza meza kuwa msitu unaokutoboa macho ukiinama kusogeza askari. Nimeikata ikawa na sentimita 15. Kijana anaiita minazi mifupi ya kisasa.

Mti mmoja niliutia mizinga miwili. Kila aliyesoma habari za vita vile anajua kisa: alasiri ya tarehe 4 Novemba risasi zilipiga mizinga iliyotundikwa mitini, nyuki wakatoka, wakawavaa watu wa pande zote mbili, na Waingereza waliotawanyika wakaamini Wadachi walikuwa wametega. Watu karibu 8,000 walioletwa kwa meli kutoka India walirudishwa baharini na watu kama 1,000, na nyuki wakapewa sehemu ya sifa. Kwa Kiingereza kisa hiki kinachekesha. Kwa Kiswahili hakihitaji hata kusimuliwa, maana mzinga unatoa nyuki na mzinga unatoa moto, na lugha haikuona sababu ya kuvitenganisha. Yangu ni vijiti vya mpera vya milimita 17, sawasawa na gogo la mita moja, vilivyotobolewa kwa sindano ya moto. Katika sheria zetu ukipata sita mbili karibu na mti ule, kikosi chako kinakimbia, uwe nani.

Nina pia baiskeli ya nyaya za shaba, kwa kuwa usiku wa kuamkia siku hiyo Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Wadachi, alipita mjini kwa baiskeli kupeleleza. Spoki zilinichukua siku nne na hazipendezi. Tuendelee.

Kosa langu kubwa lilitokea mwishoni, Aprili, masika yameshika. Vanishi ya kupuliza haitaki hewa yenye maji. Najua, nimewaambia wengine, na nilikuwa na haraka gani ile? Nilipuliza askari wanane barazani jioni, mvua ikinyesha uani. Asubuhi walikuwa wamevaa utando mweupe kama maiti. Kaki, maji ya kunde, yale macho, vyote nyuma ya ukungu. Nilikaa nao barazani mpaka chai ikapoa. Mkono wa vanishi ya kung'aa uliwarudisha sita. Wawili walikataa. Nilitaka kuwavua rangi nianze upya, kisha nikakumbuka kwamba kampuni nyingi za Wadachi zilikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, za baruti ya zamani, ambazo kila mlio ulitoa wingu lililomfunika mpigaji na kumwonyesha kwa adui. Nikachukua usufi kidogo, nikauchambua, nikaubandika kwenye mitutu yao. Sasa wamesimama ndani ya moshi wao wenyewe, na kila mgeni huwasifu hao wawili kwanza. Nawaacha wasifu.

Jeshi likawa limekwisha. Kitabu cha sheria hakikudai zaidi: thamani ya kila askari imeandikwa, pointi kadhaa kwa bunduki, kadhaa kwa bombomu. Lakini bombomu ilifikaje pale? Reli iliileta kutoka Moshi hadi mjini, na baada ya Tanga, kwa miaka minne ya vita vile, hakukuwa na reli ya kutosha, wala gari, wala punda aliyeshinda mbung'o. Kulikuwa na vichwa vya watu. Soko la Kariakoo Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi, yamebeba jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na wapagazi waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Katika kitabu chetu cha sheria mpagazi hana pointi. Hawezi kupiga, hawezi kupigwa.

Niliagiza 12. Walipofika niliwapanga, na kitu kikanikera bila kukijua. Wamesimama wima, shingo nyororo, mkono mmoja kiunoni, kasha kichwani. Walikuwa wanakwenda sokoni. Aliyewachonga alijua mavazi, hakujua uzito. Nikachukua koleo lenye midomo niliyoifunga kitambaa. Madini haya hukubali kupindwa ukiyapinda polepole, kidogo leo na kidogo kesho. Ukiyaharakisha hukatika bila kuonya. Nikayakunja magoti. Nikaingiza shingo ndani ya mabega. Mmoja alikatika kifundo cha mguu nikamfanya ameketi kando ya njia, mzigo chini. Hawa hawana bluu miguuni wala tai wa fedha, wana shuka tu na vumbi, na wao ndio walionipa taabu ya kweli ya kaki: hakuna mstari wa kuwatenga na ardhi. Mwisho nikaacha kutafuta. Nikapaka ardhi yao kavu zaidi, nyeupe zaidi, ile ya njia iliyokanyagwa sana, na bila bluu yoyote wakaonekana.

Mjukuu wangu wa miaka sita huja mchana akitoka shule, hunawa mikono bila kuambiwa, na huruhusiwa kushika wapagazi lakini si askari, kwa sababu mitutu hupinda. Wiki iliyopita alimwinua wa mwisho, wa kumi na mbili.

"Babu, huyu amebeba nini?"

Nilikuwa nimewapa wengine masanduku ya risasi, magunia ya unga, masufuria, miguu ya bombomu. Huyu nilimpa kapu kwa kuwa mabaki ya nyuzi yalitosha kapu, na ndani yake hamkuwa na kitu. Nikamwambia bado sijajua.

"Ni maembe," akasema.

Nikafikiri. Vita vilikuwa Novemba. Novemba maembe yanaanza, hapa Tanga yanaanza. Nikaviringisha gundi ya unga kwenye ncha ya kijiti cha meno, punje kumi na tatu, kila moja kama mbegu ya mchicha, nikazipaka kijani, na begani mwa kila moja mguso wa damu ya mzee. Yako kapuni. Vanishi inangoja, kwa sababu leo tena kuna mvua.